Mkono Usiotia Kutu

Niliposikia kwamba ile karakana niliyofanyia kazi inahama kutoka North York, huku ughaibuni, na vitu vyake vya zamani vinatupwa, kitu cha kwanza nilichokiwaza ni kibati cha shoga yangu. Sikuwaza mashine, wala kabati langu lenye kufuli bovu. Niliwaza kipande cha aloi ya chuma na nikeli, kipana kama kiganja cha mtoto, chembamba kama ukucha, chenye nambari thelathini na moja iliyokwaruzwa nyuma kwa msumari. Pale ndipo alipobonyeza kidole gumba chake siku tuliyoajiriwa. Picha yake sina hata moja. Alikataa kupigwa, alisema simu inampa pua isiyo yake. Nguo zake waligawana watu wa kanisani kwake kabla mimi sijatoka hospitali. Kwa hiyo kile kibati ndicho kitu pekee duniani ninachojua kwamba mkono wake ulikigusa na hakuna aliyekifuta.

Aliyenipigia simu ni mama mmoja anayefanya kazi pale hadi leo. Akaniambia, "Ule ubao wa vidole nao unakwenda kwenye chakavu Ijumaa." Hiyo ilikuwa Jumanne.

Nieleze huo ubao, maana nikisema ubao wa vidole watu hudhani nimechanganyikiwa.

Pale tulikuwa tunatengeneza vikombe vya kukinga sumaku isiingie kwenye mashine za hospitali, na vibati vyembamba vya kupangwa ndani ya transfoma. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hiyo aloi naijua kama ninavyoijua njia ya kwetu. Chuma peke yake kinaliwa na kutu, mtu wa Tanga hafundishwi hilo. Bati la nyumba yetu Ngamiani lilikuwa jekundu kabla sijaota meno. Ukikichanganya na nikeli kinakuwa kibishi. Nikeli ikizidi sana, kutu inakaribia kukata tamaa. Ikiwa nusu kwa nusu, kama ile tuliyoifanyia kazi zaidi, kinastahimili hewa, kinastahimili maji kidogo, ila chumvi inakiweza. Na jasho la binadamu ni chumvi.

Wanaiita aloi laini. Ulaini wake si wa kuminya. Ukiisogezea sumaku inaipokea mara moja, ukiiondoa inaiachia mara moja, kana kwamba hawakuwahi kukutana. Ili iwe hivyo inapikwa kwenye tanuri lenye hidrojeni, na ikitoka humo haitaki kuangushwa wala kukunjwa, ukiiangusha ule ulaini umepotea. Na haitaki mkono mtupu.

Ndiyo maana kila mgeni wa kazi alipimwa mkono. Unapewa kibati kisafi, unabonyeza kidole gumba, kinawekwa kwenye sanduku lenye unyevu tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Jumatatu wanafungua. Mimi na yeye tuliingia siku moja, mimi nambari thelathini, yeye thelathini na moja. Hatukuwa tunajuana. Kilipotolewa changu, kidole changu chote kilikuwa pale, mstari kwa mstari, cha rangi ya hudhurungi kama kimechorwa kwa hina. Chake kilikuwa cheupe, kinang'aa, kama hakuna mtu aliyepita.

Akaniangalia, akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu kilichokuwa kinakata kona, "Eeh, mama! Weye uko na bahari ndani ya mikono. Hawa bazungu wanapoteza chumvi ya kumwaga njiani kila baridi. Wakulaze tu barabarani, ubarafu utaisha."

Nikamjibu, "Na wewe mkono wako umekauka kama kauzu."

Msimamizi wetu akacheka. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa na kukulia Mwanza, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na sisi wawili alituajiri kwa sababu hiyo, apate watu wa kupiga nao soga. Akavitundika vibati vyetu kwenye ubao ukutani, pamoja na vya waliotutangulia, akavifunika kwa plastiki. Kuanzia siku hiyo nikawa Mama Tanga, na yeye kwangu akawa shoga.

Nikawekwa upande wa kabla ya tanuri, kuparua ncha kali na kuosha, glavu mbili mbili. Yeye akawekwa meza safi, baada ya tanuri, anapanga na kufunga. Katikati yetu palikuwa na pazia la plastiki zito. Tuliongea kupitia pazia lile miaka sita. Namna ya kupika sombe, kisamvu cha kwao, namna wanaume wa Bukavu wanavyodanganya na namna wa Tanga wanavyodanganya, nani hodari zaidi. Akiniambia neno lake la Kifaransa nilikuwa nalikataa. Nikimwambia "yarabi" alikuwa ananiuliza huyo Yarabi ni shemeji yetu wa wapi. Saa nane za kazi zilikuwa zinakwisha kabla hatujafika mwisho wa mambo.

Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na kovu, la kisu cha mihogo, limekikata mlalo katikati. Alipokuwa anataka kunikera alikuwa anakipitisha pembeni ya pazia na kunitikisia: "Ona kidole ya mtu msafi!"

Sasa niwataje walioniharibia.

Wa kwanza ni msimamizi. Januari ya mwaka wa sita wenzake shoga yangu wa meza safi waliugua mafua, akanihamishia huko wiki mbili nzima. Alijua. Alama yangu ilikuwa ukutani, inamwangalia kila akipita na kikombe chake cha chai. Nikamwambia, "Bwana, mikono yangu je?" Akasema, "Vaa glavu za pamba, dada, harakisha tu, lori linakuja." Glavu za mpira meza ile hazikuruhusiwa kwa sababu zilikuwa zinaacha unga. Na pamba ikilowa inapitisha jasho kama kitambaa cha kuchujia tui.

Mimi nikaliona lile jasho linapita. Nikaona aibu. Nikajifanya mjuzi.

Mama yangu alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, na ulimi wake wa chuma haukupata kutu hata siku moja, katika mji ambao hata misumari inaoza. Kila akimaliza kukuna aliufuta kwa mafuta ya nazi kwa ncha ya kanga. Basi na mimi nilikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi kwenye mkoba, ya kupaka mikono maana baridi ya huku inapasua ngozi. Yameganda meupe kama mshumaa. Nikavua zile glavu zilizolowa, nikajipaka viganjani, na kila kipande nilichofunga nikakipangusa kidogo kwa kidole. Nilikuwa nakitunza. Nilikuwa na furaha hata, nisikudanganye. Shoga yangu alinusa, akasema, "Mama Tanga, uko unapika wali hapa?" Nikamwambia nyamaza, hii ni dawa ya kutu. Akatingisha kichwa, akaendelea kufunga.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama alikuwa anaufuta ule ulimi ukiwa umeoshwa na kukauka. Mimi nilipaka mafuta juu ya jasho. Chumvi ikafungiwa ndani, pamoja na unyevu wake, ikakaa pale inakula taratibu.

Baada ya wiki chache sanduku likarudi kutoka kwa mteja. Msimamizi akalifungua mbele yetu. Kila kipande kilikuwa na vidole vya hudhurungi. Vyangu. Akachukua kimoja, akakisogeza puani, akakinusa. Akakirudisha. Nilidhani ananusa kutu.

Shoga yangu akaninong'oneza, "Usilie hapa. Tutavisafisha, hakuna mtu atajua. Njo hivyo tu."

Msimamizi akasema vitumbukizwe kwenye asidi madoa yatoke, lori linarudi mchana. Asidi kali zaidi ya kawaida, na ya moto, ili iwe haraka. Akamnyooshea kidole yeye: "Wewe mwenye mikono mikavu, ukavitoe wewe." Mimi nikamfuata kumbebea trei. Sikutumwa. Nilifuata.

Wa pili ni mwenye kiwanda. Chumba cha asidi kilikuwa na feni kubwa ya kuvuta moshi, na yeye ndiye aliyesema wakati wa baridi izimwe, inavuta joto lote la ukumbi na kulitupa nje. Msimamizi aliizima asubuhi ile kwa mkono wake, na mlango ukafungwa ili joto lisitoke. Tulipotumbukiza trei ya pili, moshi ukapanda. Haukuwa mweupe. Ulikuwa wa rangi ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa, mzito, unakwenda chini kama unatafuta kitu sakafuni. Yeye alikuwa ameinama kwenye beseni. Mimi nilikuwa mlangoni. Huo ndio umbali wote uliopo kati ya mtu anayeandika haya na mtu anayeandikwa.

Tulitoka tunakohoa, macho yanatoka maji. Tukanawa. Msimamizi akampigia simu mwenye kiwanda, akaiweka sauti wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa imelowa maji, na mimi nikaisikia ile sauti kwa masikio yangu: kama wanatembea kwa miguu yao, waende nyumbani wakapumzike. Hakuna aliyesema hospitali.

Na moshi ule ni mnafiki. Baada ya saa moja unajisikia mzima. Kwenye basi tulicheka. Alisema, "Leo nimekula moshi yako ya Tanga. Kesho utaniletea samaki yake." Nikamwambia nitamletea, wa kukaanga, na achari. Akateremka kituo chake, akageuka, akanitikisia kile kidole gumba chenye kovu kupitia dirishani. Basi likaondoka.

Jioni kifua changu kikajaa maji. Binti yangu ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Mimi nikiwa nimekaa kitako sakafuni, kulala siwezi, nikamwambia mpigie shoga yangu. Akampigia. Nilisikia sauti yake ndani ya simu, nzito kidogo: "Ni mafua tu. Mwambie mama alale." Alikuwa anaishi peke yake, chumba cha chini kwenye nyumba ya watu. Mimi nilikuwa na mtoto wa kuniitia gari. Yeye hakuwa na mtu. Kesho yake adhuhuri mwenye nyumba alimkuta.

Wakaja wakaguzi. Wakaandika juu ya feni, juu ya mlango, juu ya asidi. Feni sasa haizimwi, nasikia. Penye kueleza madoa yalitoka wapi wakaandika kwamba haijulikani. Mimi nilihojiwa nikiwa na barakoa ya hewa usoni, na barakoa inampa mtu kisingizio kizuri cha kutojibu.

Tangu siku hiyo sifanyi kazi. Nakaa ghorofa ya saba hapa mtaa wa Dixon, ndege zinapita zikishuka uwanja wa Pearson, na lifti ikiharibika mimi ni mfungwa. Pumzi yangu inatosha kusema sentensi moja, halafu napumzika. Lakini hiyo sentensi namwambia nani? Binti yangu ananielewa vizuri, ananijibu Kiingereza. Ni mtoto mwema, simlaumu. Watu wa nyumbani tunakutana kwenye harusi na misiba, wanauliza hali, wanaulizia bei ya tiketi. Hakuna wa kuniuliza Yarabi ni shemeji wa wapi. Bado naweka mambo ya kumwambia. Nimeona mzungu dukani ananunua muhogo na kuunusa kama ua, nikasema hili nitamwambia. Nimefika nyumbani na mfuko mkononi ndipo nikakumbuka.

Basi Alhamisi nikaenda. Binti alitaka kunisindikiza, nikakataa. Mabasi mawili, nikipumzika kila kituo. Msimamizi nilimkuta ukumbini katikati ya maboksi. Amezeeka. Ndevu zote nyeupe. Aliponiona akaweka chini alichokuwa amekishika, taratibu, kama tulivyofundishwa kuweka vitu vilivyotoka tanuri.

"Dada. Karibu. Kaa."

"Sikuja kukaa. Nataka kibati chake."

Hakuuliza cha nani. Akanipeleka nyuma. Ubao ulikuwa umeshang'olewa, vibati vyote vimemwagwa ndani ya ndoo ya chakavu. Nikamwambia, "Umevimwaga kama maganda!"

"Plastiki yake sikuitoa. Chako na chake vilikuwa kona moja, vilikuja na plastiki yake. Ngoja."

Akavaa glavu bila kuambiwa, akapiga magoti. Mimi nilishika ukingo wa ndoo. Akatoa kimoja: nambari thelathini, kidole changu kimeiva vizuri zaidi ya zamani, kutu imechimba hasa. Akaninyooshea. "Hiki hapa. Chenye alama."

"Hicho ni changu, tupa. Nataka kisicho na alama."

Akatafuta tena. Kilikuwa ndani ya kipande cha plastiki, kimegandana nayo. Thelathini na moja. Kinang'aa kama siku ile. Akakifunga na karatasi laini, akakishika lakini hakunipa.

"Dada, yale madoa."

Nikasema, "Yalikuwa yangu. Nilipaka mafuta ya nazi. Nilidhani nazuia." Miaka yote hiyo nilikuwa sijamwambia mtu, hata binti yangu, na likatoka kwa pumzi moja, hapo mbele ya ndoo.

Akasema, "Najua. Kile kipande kilikuwa kinanuka nazi. Mimi nimelelewa na mpishi wa Pangani, dada, harufu ile naijua nikiwa nimelala."

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mwenye kiwanda angekufukuza kabla ya chai. Nilitaka madoa yatoke mambo yaishe."

Nikamwangalia. Huyu mtu alikuwa ananihurumia. Alikuwa ananificha, kama na shoga yangu alivyokuwa ananificha, wote wawili wameingia kwenye ule moshi kwa ajili ya kuficha vidole vyangu, mmoja kwa miguu yake na mwingine kwa amri yake. Nilikuwa nimemchukia vizuri, kwa mpangilio, na sasa ananiharibia.

"Ungenifukuza," nikamwambia. "Afadhali ungenifukuza. Leo ningekuwa nafagia ofisi za watu na yeye angekuwa hai, ananicheka kwa simu."

Akasema tu, "Feni niliizima mimi."

"Najua. Sijakusamehe."

"Sikuomba, dada."

"Na mimi sijajisamehe. Kwa hiyo usijione uko peke yako. Nipe."

Akanipa. Akanisindikiza hadi kituo cha basi, nyuma yangu hatua tatu. Nikataka kumwambia arudi, nikaona pumzi niitunze.

Wa tatu niliyekuwa sijamtaja mmeshamjua. Ni mimi na kichupa changu.

Nyumbani nilikiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha. Nikakikodolea macho jioni nzima. Hakuna kitu. Kioo tu, na sura yangu imetandazwa ndani yake kwa ubaya. Nikaanza kujicheka. Nimesafiri nimechoka, nimevuta siri yangu hadharani, kwa ajili ya kipande cha chuma kisicho na habari. Mkono wangu mchafu umeacha kumbukumbu itakayokaa hata nikifa. Wake, kwa sababu ulikuwa safi, haukuacha kitu. Ndivyo ilivyo aloi ile, nikasema. Inapokea na kuachia, kama hawakukutana.

Nilikohoa. Kile kikohozi changu cha jioni kinanikunja mpaka paji la uso linagusa meza, na nilikuwa nimeinama juu yake. Nilipofungua macho, kibati kilikuwa kimeingia ukungu wa pumzi yangu. Na katikati ya ukungu, mahali pa duara, palikuwa hapajashika. Mistari. Midogo, imezunguka, imezunguka. Na katikati yake mlalo umekatika, mstari mmoja mnene, kama mtu amepitisha kisu.

Kisha ukungu ukakauka, kidole kikaondoka.

Nikavuta pumzi nipulize tena, haikutosha. Ikatoka kidogo, ikashika pembeni tu. Nikajaribu tena, kikohozi kikanishika. Binti yangu akatoka chumbani mbio, akaniuliza kwa Kiingereza chake nimepatwa na nini.

"Njoo hapa," nikasema. "Mikono nyuma. Usikiguse, mkono wako ni kama wangu."

Akaweka mikono nyuma.

"Inama. Puliza. Polepole, kama unapoza uji."

Akainama. Ana mapafu mazuri mtoto huyu, nashukuru. Ukungu ukatanda kibati kizima, na kidole kikaja chote, na kovu lake, wazi kabisa, kikakaa. Binti akauliza, safari hii kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, "Huyu ni mama yule niliyempigia simu?"

"Ndiye."

Kikaanza kufutika kuanzia pembeni kwenda katikati. Kovu ndilo lililobaki mwisho.

Nikamwambia, "Tena."